Baba amestaafu lakini uwanjani hatoki: tumzuie?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Baba yangu ana miaka 69 na ni mstaafu. Asubuhi, karibu kila siku, anakimbia. Jioni tatu kwa wiki anacheza mpira na maveterani wenzake, Jumamosi wanaendesha baiskeli kwa kundi, na muda unaobaki ni wa wajukuu au wa marafiki. Simu yake haipoi. Anatumia dawa za presha. Hivi karibuni aliumia nyama za paja akikimbilia mpira, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amerudi uwanjani baada ya kumeza dawa ya maumivu. Kaka zangu wanasema umri umekwenda, aache mpira kabisa, atulie nyumbani. Mama naye analalamika kwamba tangu baba astaafu anamwona kidogo kuliko alipokuwa kazini. Mimi naona mzee ana furaha na naogopa kumharibia. Tumzuie au tumwache?

JIBU: Dada, msimzuie. Nalitanguliza hilo kwa sababu nimeshaona familia nyingi zikifanya uamuzi huo kwa upendo mtupu, na mzee akaanza kudhoofika mbele ya macho yao bila wao kuelewa kwa nini. Ila kumwacha aendelee vilevile alivyokuwa akicheza na miaka 45 nako sikuungi mkono. Katika maelezo yako kuna mambo kadhaa ya kurekebisha, na moja kati yake, ile dawa ya maumivu kabla ya mchezo, ni la wiki hii hii.

Nianze na neno walilolitumia kaka zako: atulie. Wanaamini wakimtoa uwanjani wanamwondolea hatari, wakati kikubwa watakachomwondolea ni kinga. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani kwa siku 10 wazee waliokuwa na afya njema. Katika siku hizo 10 walipoteza, kwa wastani, karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Baba yako hatalazwa kitandani, najua, lakini mwelekeo wa kukaa ni huo huo: msuli wa mtu aliyevuka miaka 60 huondoka upesi na hurudi kwa kusuasua.

Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris wa Uingereza aliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Walikuwa na mwajiri mmoja na walifanya kazi katika mabasi yale yale, lakini dereva alishinda ameketi na kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo mara chache zaidi. Tangu hapo ushahidi umeendelea kujikusanya upande ule ule.

Lakini kwa baba yako kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unaeleza kile ambacho wewe umekwisha kukihisi. Ulifanyika Copenhagen, Denmark, ukachapishwa 2018, baada ya kuwafuatilia watu zaidi ya 8,000 kwa muda uliofikia miaka 25. Waliocheza tenisi waliishi miaka 9.7 zaidi ya wale wasiofanya mazoezi. Badminton ilikuwa miaka 6.2, mpira wa miguu 4.7, baiskeli 3.7, kuogelea 3.4, kukimbia 3.2. Mazoezi ya jimu yalishika mkia kwa mwaka 1.5. Tuziangalie namba hizo kwa uangalifu: utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha kwamba ni raketi iliyorefusha maisha. Huenda wacheza tenisi walikuwa na kipato kizuri, au walikuwa wazima zaidi tangu mwanzo. Hata hivyo mpangilio wenyewe unafikirisha. Michezo mitatu ya juu yote huwezi kuicheza peke yako. Lazima awepo mtu wa upande wa pili, mpangiane saa, ukichelewa akuulize uko wapi, mkimaliza mkae mzungumze.

Na kuhusu watu peke yake, bila mchezo, uchambuzi wa mwaka 2010 ulikusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000. Wenye mahusiano ya karibu na watu walikuwa na uwezekano wa kubaki hai ulio juu kwa asilimia 50 kuliko waliokuwa na mahusiano hafifu. Kwa hiyo ile simu isiyopoa ni sehemu ya afya ya mzee, sawa na mbio zake.

Fikiria mwanamume anayestaafu. Kwa miongo mitatu au minne watu walimjia wenyewe kwa sababu ya kazi. Hakuwahi kuhitaji kutafuta wa kuongea naye saa nne asubuhi. Siku anapokabidhi funguo za ofisi, watu hao wote wanabaki upande wa pili wa mlango. Wanaume wengi hujenga urafiki kwa kufanya jambo pamoja, mara chache kwa kuitana waje tu kukaa. Ukiondoa lile jambo, urafiki unabaki hewani. Katika kazi yangu ya fiziotherapia nimewahudumia wazee waliokatazwa mpira kwa sababu ya goti, wakatii, na msimu mmoja baadaye hakuna mwenzao aliyekuwa akipiga simu tena. Goti lilikuwa limepona, lakini mzee mwenyewe hakuwa yule tena. Baba yako ameliepuka shimo hilo kwa akili yake mwenyewe, na hapo anastahili pongezi kabla ya ushauri wowote.

Sasa nyama za paja. Msuli ule haukuchanika kwa sababu baba ni mzee mno kwa mazoezi. Ulichanika kwa sababu ya aina ya mwendo. Kadiri miaka inavyokwenda, mwili hupoteza zaidi nyuzi za msuli zinazohusika na kasi kuliko zile za ustahimilivu. Kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, nazo hukakamaa na hupata damu kidogo. Ndiyo maana mtu wa miaka 69 anaweza kukimbia kilomita nane kwa mwendo wake bila shida, kisha akaumia kwa kuchomoka mita kumi kuwahi pasi. Akilini bado ana miaka 30, ameona nafasi, ameamua; msuli unapokea amri ambayo hauna tena uwezo wa kuitekeleza kwa ghafla kiasi hicho. Hatari ya mpira kwa umri wake iko hapo: kuchomoka, kufunga breki, kugeuka ghafla, na kugongana. Mbio zenyewe za polepole hazina tatizo.

Kosa la pili ni kurudi mapema. Msuli ulioumia huacha kuuma siku nyingi kabla haujapona, na jeraha la awali ndilo linalotangulia sana jeraha jipya la nyama za paja. Kalenda haitoshi hapa, kwa hiyo mwambie afuate hatua hizi. Kwanza atembee haraka na kupanda ngazi bila maumivu. Kisha akimbie polepole, dakika 20, na asubuhi inayofuata paja lisiwe limekaza. Kisha aongeze kasi kidogo kidogo kwenye mstari ulionyooka. Kisha akimbie kwa kasi na kugeuka. Mwisho kabisa ndipo mchezo. Hatua ikiuma, arudi iliyotangulia akae hapo siku mbili tatu. Njiani aimarishe paja: alale chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni, anyanyue kiuno na kukishusha taratibu, ikishakuwa rahisi afanye kwa mguu mmoja. Jeraha la kawaida la aina hii huhitaji wiki kadhaa. Kama kulikuwa na mlio wa kukatika, michubuko mikubwa ya rangi ya zambarau nyuma ya paja au shimo linaloonekana kwenye msuli, asisubiri, aende akapimwe.

Na ile dawa. Dada, naomba hapa usome kwa utulivu. Maveterani wengi wana desturi ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mechi ili mwili usiume. Kwa mtu wa presha, tena mwenye umri huu, ni desturi mbaya. Dawa za kundi hilo hupandisha shinikizo la damu na hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Zaidi ya hapo huibana damu inayokwenda kwenye figo. Mtu anayetumia dawa ya presha ambayo jina lake kwenye pakiti huishia na “-pril” au “-sartan”, pamoja na dawa ya kukojoza, kisha akaongeza diklofenaki, kisha akatoka jasho saa nzima juani bila kunywa maji, ameziweka figo zake katika hatari halisi. Na kiu haitamwonya, kwa sababu hisia ya kiu hufifia uzeeni. Anywe maji kabla, wakati na baada ya mchezo hata kama hajisikii kiu. Maumivu ni taarifa anayoihitaji akiwa uwanjani. Akiyazima, anacheza bila taarifa hiyo.

Kuna dawa nyingine ambayo wachezaji wa umri wake hawaijui hatari yake kwa kano. Antibayotiki za kundi la siprofloksasini, zinazotolewa mara nyingi kwa maambukizi ya njia ya mkojo, zinaweza kudhoofisha kano, hasa ya kisigino, na waliovuka miaka 60 wamo hatarini zaidi. Akiandikiwa dawa hiyo, amwambie daktari kwamba yeye ni mchezaji. Akianza kusikia maumivu nyuma ya kifundo cha mguu, aache kukimbia na arudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu moyo sitazunguka. Kwa wanamichezo waliovuka miaka 35, wengi wanaoanguka ghafla uwanjani huwa na mishipa ya moyo iliyoziba bila wao kujua. Mzee mwenye presha anayecheza mchezo wa kuchomoka anapaswa kupimwa: shinikizo la damu akiwa ametulia, mafuta na sukari kwenye damu, kipimo cha umeme wa moyo, na daktari akiona inafaa, kipimo cha moyo akiwa anatembea kwa kasi kwenye mashine. Sifikirii hata kidogo kwamba daktari atamkataza michezo. Mara nyingi majibu humpa mzee ujasiri na familia usingizi.

Kati ya vipimo, mwili wenyewe huzungumza. Kifua kubana au kuwa kizito wakati wa juhudi, hata kama kinaachia akipumzika. Maumivu yanayopanda shingoni, kwenye taya au mkononi. Pumzi kukatika kwa mwendo ambao mwezi uliopita haukumsumbua. Moyo kupiga ovyo ovyo bila mpangilio. Kuzimia, au kukaribia kuzimia, katikati ya mazoezi. Lolote kati ya hayo lina maana ya kusimama hapo hapo na kumwona daktari. Kifua kikiendelea kubana baada ya kusimama, ni hospitali mara moja. Wazee wenye watu wengi huwa na ugumu wa pekee hapa, kwa sababu hawataki kuharibu mchezo wa wenzao. Atajisikia vibaya dakika ya 20 na atanyamaza mpaka nusu ya kwanza iishe. Kwa hiyo makubaliano haya ayafanye na timu pia: anayesema “leo sijisikii” anatoka bila kuulizwa na bila kutaniwa.

Timu ifanye na jambo lingine. Kundi la wanaume wa umri huo linalocheza mara tatu kwa wiki liwe na watu kadhaa wanaojua kubonyeza kifua mtu akianguka hapumui: katikati ya kifua, kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Mafunzo yake ni ya saa chache. Nikiwa na la kumwomba baba yako moja tu, yeye mwenye kupendwa na kila mtu pale, ni aliandae hilo.

Jinsi ya kupima juhudi: wengi hutumia hesabu ya 220 kutoa umri, ambayo kwa baba ingetoa mapigo 151 kwa dakika kuwa ukomo. Hesabu hiyo ni ya makadirio tu, na kama dawa yake ya presha ni ya kundi la atenololi au bisoprololi haifai kabisa, kwa sababu dawa hizo hushusha mapigo ya moyo. Atajitesa kuitafuta namba asiyoweza kuifikia. Atumie mdomo. Akiweza kuongea sentensi nzima lakini hawezi kuimba, yuko kwenye mwendo wa wastani, na mbio zake nyingi za asubuhi ziwe hapo. Hiki ni kipimo kinachomfaa hasa mtu asiyependa kukimbia kimya! Na akimaliza asisimame ghafla wala kuketi palepale. Atembee dakika tano hadi kumi, maana wanaotumia dawa za presha hushikwa na kizunguzungu damu inapobaki miguuni.

Kuna pengo moja katika wiki yake ambalo hukulitaja, pengine kwa kuwa halionekani. Anakimbia, anacheza, anaendesha baiskeli, lakini sioni mahali anapojenga nguvu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hizo nina hakika baba anazipita. Lakini mwongozo huo huo unataka mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na mazoezi ya kuufanya mwili usiyumbe siku tatu au zaidi. Hapo baba yako, pamoja na uhodari wake wote, amepungukiwa. Baiskeli haiupi mfupa mzigo wa kutosha, na mbio peke yake hazimrudishii zile nyuzi za kasi zinazopotea. Duniani watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Mzee mkimbiaji naye huteleza bafuni.

Akikuambia amechelewa, mweleze hili. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti wa wakazi 10 wa nyumba ya kulelea wazee, wastani wa umri ukiwa miaka 90, watu dhaifu hasa. Walifanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama mwili wa miaka 90 unaitikia hivyo, wa miaka 69 unaofanya mazoezi kila siku utaitikia bila shaka.

Hahitaji vifaa. Asimame na kuketi kwenye kiti bila kushika kwa mikono, mara kumi, apumzike, arudie mara mbili. Ikiwa rahisi abebe kitu kizito kifuani. Anyanyue visigino akiwa amesimama kwenye ukingo wa ngazi, huku ameshika ukuta, kisha ashuke polepole kwa kuhesabu hadi tatu. Zoezi hili ndilo mlinzi wa kano ya kisigino. Apande na kushuka ngazi moja kwa mguu mmoja mmoja. Asukume ukuta au sakafu kwa mikono. Na asimame kwa mguu mmoja anapopiga mswaki. Utafiti wa mwaka 2022 uliowahusisha watu wa miaka 51 hadi 75 uliona kwamba walioshindwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 walikuwa na hatari ya kufa iliyokaribia mara mbili katika miaka iliyofuata. Kusimama huko hakurefushi umri kwenyewe. Kunaonyesha hali ya mwili. Lakini ni kipimo kizuri cha kujichunguza, na wajukuu hupenda sana kumshindanisha babu. Awaachie wahesabu.

Chakula nakipita haraka: mlo wa kila mara uwe na protini ya kueleweka, iwe mayai, samaki, maziwa au jamii ya kunde, kwa kuwa msuli wa mzee unahitaji zaidi ya ule wa kijana ili ujijenge. Gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni kiasi kinachopendekezwa na wataalamu wengi, isipokuwa kama figo zina tatizo, na hapo daktari aamue.

Mapumziko sitayapita haraka, kwa sababu nimeijumlisha wiki yake na imenitia wasiwasi. Mbio karibu kila asubuhi, mpira mara tatu, baiskeli mara moja: ina maana kuna siku anafanya mazoezi mara mbili. Mtu wa umri wake hupata faida ya zoezi akiwa amepumzika baada yake, na anahitaji saa nyingi zaidi za kurudi sawa kuliko alizohitaji ujanani. Ningeipanga hivi. Siku za mpira, asubuhi asikimbie. Akitaka kutoka atembee tu. Asubuhi mbili ambazo si za mpira zibaki za mbio, kwa ule mwendo wa kuongea. Asubuhi mbili kati ya zile za siku za mpira ziwe za nguvu, nyumbani, dakika 30 zinatosha. Baiskeli ya Jumamosi ibaki kama ilivyo. Jumapili asifanye zoezi lolote la kupanga. Wajukuu tusiwahesabu kama mapumziko, kwa sababu anayembeba mtoto begani saa nzima anafanya kazi.

Atasema kuna wazee wanaofanya makubwa zaidi, na atakuwa amesema kweli. Ed Whitlock wa Kanada alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48 akiwa na miaka 73, mwaka 2004. Robert Marchand wa Ufaransa aliendesha baiskeli kilomita 22.547 kwa saa moja akiwa na miaka 105, mwaka 2017. Nawaheshimu sana wote wawili. Ila mazoezi mengi ya Whitlock yalikuwa mbio ndefu za polepole, akizunguka njia ile ile karibu na kwake. Hakuwa mtu wa kuchomoka kila jioni.

Sasa mpira wenyewe. Ushauri wangu ni aendelee, kwa masharti ambayo timu inaweza kuyapokea. Kupasha mwili kuchukue dakika 15 kamili, wakimalizia na kukimbia kwa kasi inayopanda taratibu. Vipindi viwe vifupi na mabadiliko ya wachezaji yawe huru, mtu atoke na kurudi. Kuteleza kwa kukaba kupigwe marufuku. Vijana wa miaka 20 wanaojaza nafasi wasiwekwe kumkaba mtu wa miaka 69; majeraha mengi mabaya ninayoyaona hutoka kwenye mchanganyiko huo. Na moja ya zile jioni tatu ningeibadilisha kuwa mpira wa kutembea. Mchezo huu ulianzishwa Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011, kwa ajili ya watu waliovuka miaka 50, na umeenea nchi nyingi. Kukimbia ni faulo, na mgongano ni mdogo. Wanaoudharau ni wale ambao hawajaucheza: kwa kuwa kasi haipo, kinachobaki ni pasi, kujipanga na akili ya mchezo, na hapo wakongwe ndipo walipo na utajiri.

Jioni hiyo ina faida nyingine kubwa kuliko zote. Ipo siku goti, nyonga au jicho la mmoja wao litakataa mbio. Kama kundi linajua mchezo mmoja tu wa kasi, siku hiyo anapoteza mpira na marafiki kwa mpigo mmoja. Kama lina jioni ya kutembea, ana mahali pa kushukia. Na aanze mapema, angali na nguvu, kushika nafasi zisizohitaji magoti: kupuliza filimbi, kufundisha watoto, kutunza hesabu za timu, kupanga ratiba. Mtu mwenye kazi katika kundi haondoki siku mguu unapokataa.

Nimemwacha mama mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu lalamiko lake halihusu michezo na lisichanganywe na hoja ya kaka zako. Wakitumia machozi ya mama kumwondoa baba uwanjani, watamrudishia nyumbani mume aliyenuna. Mama anasema anamwona kidogo kuliko zamani. Huenda naye alikuwa akiisubiri hii miaka. Wakati wa kazi alikubali kutokuwepo kwake kwa sababu kulikuwa na sababu. Sasa sababu imeondoka na mtu bado hayupo. Baba, mwenye kuwachangamsha wote nje, pengine hajatambua kwamba anarudi nyumbani akiwa amemaliza maneno. Dawa yake ni muda wenye jina: Jumapili ile isiyo na mazoezi, na jioni moja katikati ya wiki, simu ikiwa imezimwa. Mama ndiye achague wafanye nini. Msimlazimishe kuanza mazoezi ili ampate mume wake.

Na mtakavyoliwasilisha hili kwa mzee kuna uzito wake. Msimwitie kikao cha familia. Mtu aliyewalea, akikalishwa mbele ya watoto wake asomewe mashtaka ya umri, atajibu kwa kucheza mechi ya nne. Nenda wewe peke yako, kwa kuwa ndiye unayeiona furaha yake. Mpe shikamoo yangu, kisha muulize paja linaendeleaje na msikilize mpaka mwisho. Anza na ile dawa ya maumivu, kwa kuwa ndiyo ya haraka, na umwombe akupe pakiti za dawa zote anazotumia ili ziende kwa daktari wake pamoja na swali la vipimo vya moyo. Ratiba mpya usimpelekee ikiwa imekamilika. Mwachie yeye achague ni asubuhi zipi zitakuwa za nguvu na ni jioni ipi itakuwa ya kutembea. Kama kuna mwenzake wa timu anayemsikiliza, mweleze huyo habari za jioni ya kutembea kabla hujamweleza baba, ili wazo lifike likitoka kwa mchezaji mwenzake. Kaka zako nao wapewe kazi: mmoja ampeleke kwenye vipimo, mwingine ajiunge na mafunzo ya kubonyeza kifua pamoja na timu.